SWR moja kwa moja, mkondo upande: tyuna niliyovuka nayo pantoni

Niseme hukumu mapema kwa mwenye haraka zake. Tyuna, yaani chombo cha kuipatanisha redio na antena, ni nzuri; baluni iliyomo tumboni mwake, kile kiungo kati ya tyuna na nyaya mbili za antena, haifai kwa antena kama yangu. Ukiipata kwa bei niliyoipata mimi, shilingi 420,000, ichukue, ila weka kando kama 130,000 nyingine za kutengeneza baluni ya maana. Ukitaka chombo cha kutoa kwenye boksi, kuchomeka na kuanza kuongea, achana nacho. Jina la kampuni nimeliacha kwa makusudi. Nilichokikuta humu ndani kimo ndani ya tyuna nyingi za umbo hilihili, na sitaki mtu aone yake ina nembo tofauti akadhani kapona.

Mimi ni mtu wa redio za meli. Nilibonyeza Morse melini mpaka dunia ilipoamua kwamba kuanzia tarehe 1 Februari 1999 meli zitaomba msaada kwa setilaiti na mitambo inayojiendesha yenyewe, tukashushwa bandarini na masanduku yetu. Melini hakuna aliyehangaika na usawa wa mkondo. Unarusha kwenye kilohezi 500 kwa waya mmoja mrefu uliotandikwa huko juu kati ya milingoti, na upande wa pili wa antena ni meli nzima: chuma chote kile, na bahari ya chumvi chini yake. Kwa erthi ya namna hiyo hata mtoto angesikika. Basi nilipoanza redio ya ridhaa hapa Kigamboni, leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano mkononi na jina la hewani linaloanza na 5H, nilijiona nimeshayamaliza. Kumbe nyumba ya Kigamboni si meli.

Antena yangu ni waya wa mita 20 uliokatwa katikati, mita 10 huku na mita 10 huku, unaolishwa kwa waya wa ngazi niliousuka mwenyewe: nyaya mbili sambamba zilizoachana sentimita 10, zimeshikwa na vipande vya paipu nyeupe zile mafundi umeme wanazopitishia nyaya ukutani. Ngazi ya vipimo hivyo ina impedansi, yaani ukinzani wa njia kwa mawimbi, inayokaribia omu 600. Mkono mmoja wa antena unakwenda kwenye mnazi, hewani, safi kabisa. Mkono wa pili unapita juu ya bati langu, halafu juu ya bati la jirani (kwa ruhusa yake na sahani ya pilau ya Idi), unaishia kwenye mnara wa simtanki. Kutoka bati hadi waya ni mita moja na nusu, labda chini ya hapo upepo wa kusi ukilegeza kamba. Kwa macho ni mikono miwili ya urefu mmoja. Kwa redio ni watu wawili wasiojuana: mmoja anaona hewa na makuti, mwenzake anaona bati chini ya pua yake na lita 2,000 za maji mwisho wa safari. Shika hilo, maana shauri lote linaanzia hapo.

Tyuna niliikuta Kariakoo, nyuma kidogo ya Msimbazi, kwa kijana anayeuza amplifaya, mita na vikorokoro vya kila namna vinavyoshuka kwenye makontena. Ilikuwa chini ya spika mbili, imejaa vumbi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii unajua ni nini?"

"Hiyo ya redio koli, mzee wangu. Mwenye mali kasema inasoma moja kwa moja."

Nilicheka, naye akacheka, kila mtu kwa sababu yake. Hakujua kwamba kwa watu wetu "moja kwa moja" ni usomaji wa SWR, kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena: ule uwiano wa 1:1, hakuna kinachorudi, ambao kila mwenye antena anautamani. Alianzia 600,000. Tulikaa kwenye benchi lake, nikanywa kahawa vikombe viwili, tukaishia nilipokwambia. Kwenye pantoni mama mmoja aliniuliza kama ni betri ya sola, nikamwambia ndiyo, kwa kuwa maelezo ya kweli yasingetosha maji yale.

Kwa umbo ni kasha jeusi la bati, ukubwa wa boksi la viatu. Mbele kuna vifundo vitatu vya kuzungusha: kapasita ya upande wa redio, koili yenye vituo 12, na kapasita ya upande wa antena. Ni saketi ya T, kapasita mbili zimekaa kwenye njia na koili imening'inia katikati yake kwenda erthi. Mita ina mishale miwili inayopishana, wa nguvu inayokwenda na wa nguvu inayorudi. Nyuma kuna soketi za koaksi (waya wenye ngozi ya nje ya chuma, kama ule wa antena ya televisheni), kigingi cha waya mmoja, na vigingi viwili vya kauri vya waya wa ngazi. Vifundo ni vizito vizuri, haviteleziteleza, na sahani za kapasita zimeachana vya kutosha. Kwa ufundi wa chuma sina lawama. Aliyeitengeneza hiyo sehemu alikuwa anaipenda kazi yake.

Usiku wa kwanza, kwenye megahezi 7, niliizungusha dakika mbili mshale wa kurudi ukalala chali. Moja kwa moja, kweli kama kijana alivyosema. Nikaita, mtu wa Oman akajibu, tukasalimiana. Nikasogeza mdomo karibu na maiki ili anisikie vizuri, nikahisi kama chungu kaniuma mdomo wa chini. Nikarudi nyuma. Taa ya korido, ambayo nilikuwa nimeizima, ilikuwa inamulika kidogo kidogo kwa kufuata maneno yangu: nikisema ndefu inang'aa ndefu, nikinyamaza inakufa. Asubuhi hodi mlangoni.

"Jirani, jana usiku sabufa yangu ilikuwa inakoroma kwa sauti yako."

Nilimwomba radhi. Yule mama ni mstaarabu, angeweza kuniitia mjumbe.

Kwanza nilifanya anachofanya kila mtu, nikalaumu erthi. Nikapigilia chuma kingine cha erthi uani, mita moja na nusu ndani ya mchanga wa Kigamboni ambao ukikauka ni kama kupigilia msumari kwenye sukari. Taa ikamulika zaidi. Hapo ndipo nilipochukua bisibisi nikafungua kasha.

Nyuma ya vile vigingi vya kauri kuna pete moja ya sumaku, si kubwa, imezungushiwa utepe mweupe, na juu ya utepe waya. Utepe ulikuwa umeshageuka rangi ya chai ya rangi. Nilifuatilia waya kwa ncha ya penseli: ni baluni ya 4:1, inayogawanya omu za antena kwa nne, na ni ya volti. Huu ndio ugonjwa, na nitaueleza taratibu kwa sababu nimeona vijana wengi wakinunua baluni bila kuuliza ni ya volti au ya mkondo.

Baluni ya volti kazi yake ni kuhakikisha kwamba volti za kigingi hiki na kigingi kile, ukizipima kutoka kwenye kasha, zinalingana na zinakwenda kinyume. Imemaliza. Mkondo unaotoka hauujali. Mikono ya antena ikiwa mapacha wa kweli, volti sawa zitaleta mkondo sawa na kila mtu atalala. Lakini mkono wangu wa juu ya bati una njia yake ya ziada ya kwenda ardhini kupitia bati, mkono wa mnazini hauna. Volti ileile inasukuma mkondo mwingi huku na mchache kule. Ni kama muuza maji wa zamani mwenye mzega begani, anayepima kamba zake mbili kwa futi mpaka ndoo zinaning'inia kimo kimoja, asiangalie ndoo ipi imejaa. Atakwenda, ila atakwenda upande.

Baluni ya mkondo ndiyo inayopima maji yenyewe. Inalazimisha kile kinachotoka kwenye waya huu kirudi kwa waya ule, na volti zijipange zitakavyo. Kichekesho ni kwamba hii ya mkondo ilielezwa na Gustav Guanella, mhandisi wa Uswisi, mwaka 1944, na ile ya volti yenye kukaa ndani ya tyuna yangu inatokana na makala ya Clyde Ruthroff ya mwaka 1959. Dawa ilitangulia ugonjwa kwa miaka 15.

Sasa ule mkondo uliozidi unakwenda wapi? Haupotei. Unateremka na nyaya zote mbili za ngazi kana kwamba ni waya mmoja, unaingia kwenye kasha la tyuna, unapanda ngozi ya nje ya koaksi hadi kwenye redio, kutoka redio kwenye maiki, kutoka maiki kwenye mdomo wangu, na vijito vingine vinashika waya za umeme za nyumba hadi taa ya korido na sabufa ya jirani. Mimi nauita mkondo mtoro. Mbaya ni kwamba mita ya SWR haiuoni kabisa. Mita imekaa kwenye njia kati ya redio na koili, inapima kinachopita ndani ya koaksi. Mtoro anapita nje ya koaksi. Unaweza kuwa na moja kwa moja safi na nusu ya mtaa inasikiliza mazungumzo yako kwenye sabufa. Na chuma changu kipya cha erthi kilikuwa kimemfungulia mtoro mlango mwingine, akazidi.

Kwa hiyo nilihitaji kumwona. Hiki ndicho kifaa ninachotaka ukitengeneze hata kama hununui tyuna yoyote. Chukua feraiti ya kubana, zile kokwa nyeusi za plastiki zinazofunguka kama karanga, ambazo hukaa kwenye waya wa skrini ya kompyuta. Ndani yake zungusha mizunguko 10 ya waya mwembamba. Ncha zake mbili unazifunga na resista ya omu 50, halafu dayodi ndogo ya mawimbi, kapasita ya nanofaradi 10, na mita ya mshale. Mshale wangu nimeutoa kwenye deki ya kaseti iliyokufa, ile mita inayocheza na muziki, nikaweka na resista ya kurekebisha ili isigonge mwisho. Jumla haikuzidi 15,000, na nusu yake ni birika la kahawa na chapati za kumsubiri fundi aliyeniuzia deki. Mgawanyo wa mshale wangu una mistari 50. Hizo si ampea, ni mistari tu, na kwa kulinganisha zinatosha.

Unabana waya mmoja wa ngazi, unabonyeza ufunguo wa Morse, unasoma. Unahamia waya wa pili, unasoma. Halafu, na hili ndilo watu wanaloliruka, unabana zote mbili kwa pamoja ndani ya feraiti ileile. Kama mkondo wa huku ni sawa na wa huku na unakwenda kinyume, feraiti haitaona chochote na mshale utalala. Ukiinuka, huyo ni mtoro, umemkamata shati.

Kwa baluni ya ndani, megahezi 7, wati 50, nilisoma hivi: waya wa mnazi 44, waya wa bati 29, zote mbili pamoja 21. Nilikaa nikaziangalia namba hizo muda mrefu. Kutoa 29 kwenye 44 unapata 15. Hiyo 21 imetoka wapi? Imetoka kwenye wakati. Mikondo miwili haikutofautiana ukubwa tu, haikufika kileleni pamoja pia. Ukiichora kwa pembetatu inatoka kwamba mmoja umechelewa kama digrii 24 kutoka pale ulipotakiwa kuwa. Ndiyo maana mtu anayepima waya mmojammoja kwa mita mbili, akaona namba zinalingana, akasema "nina usawa", bado hajapima kitu. Namba zinaweza kulingana na mtoro akawepo.

Choki sasa. Kwa fundi umeme choki ni ile ya taa ya mrija, na wazo halitofautiani sana: unaweka kizuizi. Nyaya mbili za ngazi zikizungushwa pamoja kwenye pete ya feraiti, mkondo unaokwenda na kurudi sawasawa unajifuta ndani ya pete, feraiti haiuhisi, unapita bure. Mtoro, anayekwenda upande mmoja kwenye nyaya zote mbili, anakutana na feraiti yote. Hiyo ndiyo baluni ya mkondo ya 1:1, haina uchawi zaidi ya huo.

Uchawi uko kwenye pete. Mara ya kwanza nilifanya ubahili. Kariakoo zimejaa pete za njano zenye upande mmoja mweupe, zinatolewa kwenye pawasaplai za kompyuta zilizokufa, shilingi 2,000 moja. Nikanunua mbili, nikazungusha kwa raha, nikapima: zote mbili pamoja 17. Kutoka 21 hadi 17, kwa jasho lote lile. Na baada ya dakika tatu pete zilikuwa na joto la kikaango. Zile si feraiti. Ni unga wa chuma uliotengenezwa kwa kazi ya umeme wa pawasaplai, na kwa masafa yetu zinazuia kidogo na kuchemka sana. Usidanganywe na umbo. Rangi ya njano na nyeupe, ipite kama unavyopita gari la kuuza sumu ya panya.

Pete za kweli nilibebewa na mpwa wangu aliyekuja likizo kutoka Muscat: mbili, feraiti ya aina ya 31, kipenyo milimita 61 kila moja, 95,000 zote. Nimezibebanisha, nikazungusha nyaya mbili zenye ganda la Teflon mizunguko 12, nikaweka ndani ya kopo la plastiki la siagi lenye matundu. Ile ya aina ya 31 ina tabia ya kupitisha umeme kidogo kwenye mwili wake, kwa hiyo ganda la waya lisiwe la kubahatisha. Ndani ya tyuna nikakata waya wa kwenda kwenye baluni ya volti. Mwanzoni mwa choki, waya wake mmoja nimeufunga kwenye kigingi cha waya mmoja na mwenzake kwenye skrubu ya erthi ya kasha, na ngazi ikatoka mwisho wa pili wa choki.

Antena ileile, wati 50 zilezile: mnazi 37, bati 36, zote pamoja 3. Nilizima, nikawasha, nikapima tena kama mtu aliyeokota pesa. 3.

Taa ya korido ikafa kifo cha kudumu. Maiki nikaing'ata, haikuuma. Na jambo nisilolitarajia: kelele ya kupokea ilishuka. Ile mvumo wa chaja za simu na taa za nyumba nzima, iliyokuwa ikishikilia mshale wa redio, ule unaoonyesha nguvu ya kinachopokelewa, kwenye alama ya S7, ilikwenda S5. Ukifikiri ni haki yake. Njia aliyokuwa akitorokea mtoro ndiyo njia uchafu wa nyumba ulipokuwa ukipandia kwenda kwenye antena. Kwa sisi tunaotafuta vituo dhaifu vya usiku, huo ushukaji pekee unalipa 95,000.

Wapo watakaokwambia, na wameniambia, kwamba mahali sahihi pa choki ni kabla ya tyuna, kati ya redio na tyuna, kwa kuwa hapo impedansi ni omu 50 tulivu na choki haiteseki. Maneno matamu. Nimeyajaribu Jumamosi nzima. Ukifanya hivyo tyuna yote lazima ielee, isiguse erthi, kwa hiyo niliipandisha juu ya ubao wa kukatia nyama (mama watoto hajui mpaka leo), nikang'oa waya wa erthi, nikaweka choki kwenye mlango wa kuingilia. Usomaji: 37, 35, zote pamoja 3 na ushee. Yaani palepale. Na ukikaa ukafikiri, ingekuwaje tofauti? Kinachomzuia mtoro ni ukubwa wa kizuizi kwenye njia yake ya kwenda erthi, na njia hiyo inapita kwenye choki ikiwa mbele au nyuma. Volti inayosukuma mtoro ni ileile ya antena isiyolingana, na choki inaibeba yote popote ulipoiweka. Umehamisha mlinzi kutoka geti la mbele hadi la nyuma kwenye nyumba yenye ujia mmoja.

Kitu kilichobadilika ni kasha. Nilipotaka kusogeza kifundo kidogo huku nikirusha, kiganja kikagusa bati la tyuna, nikaungua. Kuungua kwa mawimbi si kama kupigwa na umeme wa ukutani. Huruki. Unasikia joto la sindano, halafu unaona kidoti cheupe kwenye ngozi na unanusa. Kasha lote lilikuwa moto, linaelea na volti za antena. Kwenye masafa ya juu, megahezi 21 na kuendelea, usomaji ulikuwa mbaya kidogo kuliko choki ikiwa nyuma, nadhani kwa sababu bati la kasha lenyewe linajenga kapasita na meza, na kapasita hiyo imekaa upande mmoja tu. Nikarudisha choki nyuma ya tyuna, nikarudisha erthi, nikaosha ubao.

Kuna na wale wa tyuna za zamani za koili mbili zinazoangaliana, kama Matchbox za E.F. Johnson za Marekani, wanaosema hizo ni za usawa kwa kuzaliwa. Ni vyombo vizuri mno kwa macho na kwa uchache wa upotevu. Lakini katikati ya koili ikifungwa kwenye erthi, unacholazimisha ni volti tena, hadithi ya mzega ileile. Saketi kuwa na sura ya usawa kwenye karatasi hakulazimishi antena iliyo juu ya bati la jirani iwe na usawa.

Nirudi kwenye tyuna, maana ndiyo niliyokuja kuisema. Baada ya kuing'oa baluni ya ndani imekuwa chombo kingine. Ile 4:1 ilikuwa na dhambi ya pili: inagawanya kwa nne kile inachokiona. Antena yangu kwenye megahezi 3.5 ni fupi sana, tayari inatoa omu chache; ukizigawa tena kwa nne saketi ya T inakabidhiwa vijisenti, na T haipendi vijisenti, inavigeuza joto ndani ya koili. Kwa baluni ya ndani, dakika tano za Morse kwenye megahezi 3.5 ziliacha koili ikiwa moto wa kuungua, nikizima redio na kuigusa. Kwa 1:1 ni vuguvugu. Halafu ujue T ina majibu mengi kwa swali moja: utapata moja kwa moja kwenye kituo cha 3 cha koili, na utaipata tena kwenye cha 6. Chagua kila mara ile yenye koili ndogo na kapasita ambazo sahani zake zimeingiana zaidi, hasa ya upande wa antena. Mishale itasema ni sawa, koili itakwambia tofauti.

Megahezi 14 ndipo choki yangu mwenyewe ilipojaribu kunifedhehesha. Hapo kila mkono wa antena ni nusu wimbi, katikati kuna volti kubwa mno na mkondo kiduchu, na kwa urefu wa ngazi niliokuwa nao volti hizo zilitua hasa kwenye choki. Baada ya kama dakika nane za wati 100, kopo la siagi lilianza kulegea kwenye ubavu. Pete hazikuharibika, lakini feraiti ikipita nyuzi 130 hivi inaacha kuwa feraiti mpaka ipoe, na sikutaka kufika huko. Sikubadilisha choki. Niliongeza mita mbili na nusu za ngazi, nikazining'iniza kwa uzi wa kuvulia chini ya dari ya veranda. Sehemu ya volti kubwa ikahama kutoka kwenye choki ikaenda mahali fulani katikati ya veranda ambapo haimdhuru mtu. Choki sasa ni vuguvugu kwenye 14. Kwenye 7 nililazimika kutafuta upya vituo vya koili, dakika kumi za kazi.

Nilipita tena kwa yule kijana wa Kariakoo kununua dayodi. Akaniuliza, "Mzee, ile mali inafanya?" Nikamwambia inafanya, ila tumbo nimelitoa. Alinitazama kama nimemwambia nimemfanyia tyuna operesheni. Ana nyingine mbili za aina hiyo, moja ina kifundo kilichovunjika, na kwa hiyo yenye kuvunjika usimpe zaidi ya 300,000.

Madhaifu madogo yaliyobaki: taa ya mita imekufa na kuibadilisha unalazimika kufungua uso wote. Karatasi ya vipimo vya vifundo haikuja, na namba zilizoandikwa mbele hazina maana kwa antena yako, andika zako kwa penseli juu ya kasha kama mimi. Vigingi vya kauri ni imara lakini nati zake ni za chuma cha hivihivi, na kwa upepo huu wa bahari cha kushoto kimeshaanza kuota kijani kwenye waya. Nimekipaka grisi na nimefunga mfuko wa plastiki nyuma ya kasha hadi nipate nati za shaba.

Yule mama wa sabufa aliniuliza wiki iliyopita mbona siku hizi sirushi. Nilikuwa nimerusha jana yake hadi saa saba usiku.